Kulisaga Bapa Gumu kwa Mkono

Bapa la kisu likishatiwa moto mpaka likawiva, kisha likazamishwa katika mafuta, tupa haina tena kazi juu yake. Hilo ndilo jambo la mwanzo nililofundishwa na ami yangu, aliyekuwa mhunzi hapa Wete, Pemba, na ndilo linalowashangaza zaidi vijana wanaokuja kwangu kujifunza. Wengi wao hudhani kwamba kulitia bapa ugumu ndio mwisho wa kazi nzito, na kwamba kilichobaki ni kulinoa na kulitia mpini. Kwa kweli sehemu kubwa ya umbo la kisu kizuri hupatikana baada ya hapo, wakati chuma kimekwisha kukaza, na sehemu hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza. Nimeifanya kwa miaka mingi kwa mawe, msasa na maji, bila mashine, na naamini kwa dhati kwamba kwa fundi mdogo wa visiwani njia hii ndiyo iliyo salama kuliko zote kwa chuma chenyewe.

Nianze na sababu ya kuacha kazi nyingi kiasi hicho mpaka bapa liwe gumu. Chuma ninachokitumia mara nyingi ni springi za magari ya mizigo, ambazo huwa na kaboni ya takriban asilimia 0.6. Hukifua kwa nyundo juu ya fuawe, kisha hukipa umbo kwa tupa kingali laini. Baadaye bapa hurudi motoni mpaka sumaku isishike tena, jambo linalotokea chuma kikifika karibu na nyuzi 770 za sentigredi, hupandishwa joto kidogo zaidi ya hapo, na ndipo huzamishwa katika mafuta. Joto hilo, pamoja na mshtuko wa kupoa ghafla, hulivuta bapa huku na huku. Ukilipeleka motoni likiwa na makali membamba ya kisu kilichokamilika, ukingo ule utawiva kabla ya mgongo, utaungua, utapinda, na pengine utapasuka humo humo ndani ya mafuta. Ndiyo maana ukingo huachiwa unene wa karibu milimita moja. Unene huo ndio unaotakiwa kupunguzwa baadaye kutoka pande zote mbili, mpaka nyuma ya makali pabaki milimita 0.3 hadi 0.5, na kazi yote hiyo hufanyika juu ya chuma kisichokubali tupa.

Ipo njia ya pili, ambayo ndani yake kazi yote tangu mwanzo hufanyika katika ugumu, nami huwapendekezea vijana wasio na mivukuto wala fuawe. Mtu anaweza kuchukua tupa iliyokwisha meno, yenye kaboni zaidi ya asilimia moja na ugumu unaokaribia 65 kwa kipimo cha Rockwell C. Ikiachwa hivyo ilivyo haifai kuwa kisu, kwa kuwa ikianguka juu ya sakafu inaweza kuvunjika vipande viwili. Lakini akiisugua upande mmoja mpaka ing'are, kisha akaiweka katika oveni ya gesi, ile ile ya kuokea keki, kwa nyuzi 200 hadi 230 kwa muda wa saa mbili, ugumu utashuka hadi kiasi kinachofaa kisu, na hatahitaji tena moto mkubwa. Ahakikishe tu kwamba ni tupa ya chuma kizuri kote, kwa sababu baadhi ya tupa za bei rahisi huwa ngumu juu na laini ndani. Kuanzia hapo, umbo, ncha, mteremko na makali vyote hupatikana kwa kusaga. Ni kazi ya siku nyingi, lakini haihitaji karakana, na mwanafunzi anayeipitia hukijua chuma kwa vidole vyake kuliko yule aliyeanza na nyundo.

Kabla ya kushika jiwe, bapa lazima lijaribiwe. Huchukua tupa kuukuu ambayo bado ina meno, nikaipitisha juu ya ukingo kwa uzito mdogo. Ikiteleza na kutoa mlio mwembamba bila kuacha unga, bapa limekubali ugumu. Ikishika, hapo pana jambo linalowapoteza wengi. Moto wa makaa huunguza kaboni iliyo katika ngozi ya chuma, kwa hiyo tabaka jembamba la juu linaweza kuwa laini hata kama lililo chini yake limekaza sawasawa. Fundi mwenye haraka akiona tupa imeshika huamua kwamba kazi ya moto imeharibika, akalirudisha bapa katika makaa, na huko likazidi kupoteza kaboni. Ami yangu alikuwa akisimama nyuma yangu na kuniambia, "Endelea kidogo, mwanangu, ungali juu ya ngozi." Tupa ikipita mara kadhaa mahali pale pale, mlio hubadilika na meno huanza kuteleza. Ikiwa haukubadilika hata baada ya ngozi kuondoka, basi kweli bapa lirudi motoni.

Sasa niseme habari ya joto, kwa kuwa kazi yote ya mkono imesimama juu yake. Bapa likitoka katika mafuta huwa gumu kupita kiasi na huwa tayari kupasuka, kwa hiyo hupashwa tena joto dogo la nyuzi 200 au zaidi kidogo, saa moja, mara mbili, ili lipate ustahimilivu. Juu ya chuma kilichosuguliwa, joto hilo hujionesha kwa rangi: manjano hafifu kati ya nyuzi 200 na 230, kahawia karibu na 250, zambarau karibu na 280, na buluu likikaribia 300. Kisu huwa bora kikibaki katika manjano. Kila rangi inayofuata ni hatua ya kupoteza ugumu, na chuma hakijali kama joto hilo limetoka katika oveni uliyoiwasha kwa makusudi au katika msuguano wa jiwe linalozunguka.

Mashine ya kunolea ya mezani huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na grainda ndogo ya mkono hufika karibu mara 11,000. Ukingo wenye unene wa nusu milimita hauna mahali pa kulipeleka joto hilo, kwa hiyo sekunde chache zinatosha kuutoa katika manjano na kuufikisha katika buluu, na ncha ya kisu, ambayo ndiyo nyembamba zaidi, huwa ya mwanzo kuharibika. Rangi yenyewe hufutika kwa msasa katika muda mfupi, na mnunuzi hataiona, lakini ugumu uliotoka haurudi mpaka sehemu yote iliyolainika isagwe iondoke au bapa lianze upya motoni. Wapo mafundi hodari wanaotumia mashine huku wakilizamisha bapa katika maji kila baada ya mguso mmoja mfupi, nami nawaheshimu kwa sababu wanajua wanachokifanya. Ninachokipinga ni kumkabidhi mwanafunzi grainda mbele ya bapa lililokwisha kukazwa. Kwa mkono na maji, bapa halifiki hata joto la chai, na hakuna kosa la mkono linaloweza kuuondoa ugumu.

Watu wa makamo hapa Pemba wanakumbuka kwamba kabla ya kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga kuanza kazi mwaka 2010, kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli, na fundi aliyeitegemea mashine aliitegemea pia dizeli. Mafundi wa wakati wa ami yangu hawakuwa na sababu ya kuutazama mkono kuwa njia ya mtu maskini. Ulikuwa ndio njia, na maarifa yaliyokusanyika humo ni mengi kuliko yanavyodhaniwa na wanaoiona karakana yenye kelele kuwa ndiyo ya kisasa.

Kinachosaga chuma kigumu lazima kiwe kigumu kuliko hicho chuma. Mawe yetu ya asili hayafai, kwa sababu jiwe la matumbawe, lile lililojengewa nyumba za Mji Mkongwe na nyumba nyingi za zamani huku kwetu, asili yake ni chokaa, na chokaa ni laini mno mbele ya chuma kilichokazwa. Watu husugua panga kwenye ngazi ya saruji na kuona zimepata makali, na kwa panga laini ni kweli kwamba mchanga uliomo ndani ya saruji hukata kidogo, lakini kwa bapa gumu hubakiza mikwaruzo mibaya bila kuondoa chochote cha maana. Ninachotumia ni aina tatu. Ya kwanza ni jiwe jeusi au la kijivu kizito la silikoni kabaidi, ambalo punje zake huvunjika na kutoa kona mpya kila zinapochakaa, na ndiyo maana hukata haraka na lenyewe huliwa haraka. Ya pili ni jiwe la oksidi ya alumini, la kahawia au jeupe, linalokata polepole zaidi na kudumu zaidi. Ya tatu ni bamba la almasi, yaani bati nene lililobandikwa punje za almasi kwa nikeli. Almasi hushinda kila chuma, na bamba lake halibonyei katikati, lakini haitaki nguvu. Anayelishindilia bamba hilo hung'oa punje kutoka katika nikeli, na baada ya wiki chache hubaki na bati tupu. Hata jiwe la kawaida halitaki kushindiliwa. Uzito wa mkono wenyewe, pamoja na kidole kimoja kinachoelekeza, unatosha.

Mawe hubonyea katikati, na jiwe lililobonyea haliwezi kutoa bapa lililonyooka. Kila baada ya kazi ndefu huyarudisha mawe yangu katika unyoofu kwa kuyasugua juu ya msasa wa namba 80, wenye punje kubwa, uliolazwa kwenye kipande cha kioo kinene cha dirisha, maji yakimwagika juu yake. Kazi hiyo huwachosha vijana kuliko kazi yoyote nyingine, na ndiyo wanayojaribu kuikwepa, ingawa dakika kumi za kulinyoosha jiwe huokoa saa nzima ya kurekebisha bapa.

Bapa hulifunga juu ya ubao mnene uliochongwa kufuata umbo lake, ukingo ukilala juu ya mbao mpaka mwisho wa ncha, na mkia, yaani sehemu inayoshika mpini, ukishikwa na skrubu mbili au ukibanwa kwenye jiliwa lenye taya zilizofunikwa mbao. Ncha isiyolaliwa na kitu chochote chini yake huinama kila jiwe linapopita, kisha hurudi, na kwa namna hiyo husagika kidogo kuliko sehemu nyingine, au hukatika kabisa. Zaidi ya hayo, bapa lililofungwa halimkati mtu. Majeraha mabaya ya kazi hii hayatoki katika kusaga. Hutoka katika kufuta, wakati fundi anapopitisha kitambaa kwenye ukingo ambao ameusahau kwamba umekwisha kuwa mkali. Kufuta ni kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, kamwe si kwa urefu wa ukingo.

Maji ninayoyatumia huyatia magadi kidogo. Maji matupu, hasa katika hewa yetu, huanza kulitia bapa kutu kabla hujamaliza upande mmoja, ilhali maji yenye magadi huichelewesha kutu hiyo mpaka kazi ikamilike. Maji pia huukamata unga wa chuma na wa jiwe usipande puani, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutosaga kukavu.

Hapo ndipo huanza kazi ninayoiona kuwa tamu kuliko zote, nayo ni kulipunguza bapa. Tuseme kisu kina mgongo wa milimita 3 na upana wa milimita 30, na kinatakiwa kiteremke moja kwa moja kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Mteremko huo ni takriban nyuzi 3 tu kila upande. Mkono wa binadamu hauwezi kushikilia pembe ndogo kiasi hicho kwa macho, kwa sababu kila unaposukuma, kiwiko hushuka na jiwe huyumba, na bapa hutoka na kitumbo katikati. Kitumbo kidogo si ubaya, na kwa panga ni bora kiwepo, kwa kuwa huyaongezea makali mwili. Kwa kisu cha samaki ni hasara, kwani nyama hushika ubavuni na kisu hakitembei.

Dawa yake ni kukipa jiwe njia ya kupita. Katika mwisho wa ubao wangu nimesimamisha nguzo fupi yenye skrubu ya pete kichwani, na jiwe nimelifunga kwenye fimbo ya chuma inayopita ndani ya pete hiyo. Pete ikipandishwa au ikishushwa, pembe hubadilika, na ikishakazwa, jiwe haliwezi kwenda kokote isipokuwa mbele na nyuma kwa mteremko ule ule. Kabla ya kuanza hulipaka bapa zima wino wa kalamu nene. Baada ya mapito machache wino huondoka pale jiwe lilipogusa na kubaki pale ambapo halijafika, na bapa hunieleza lenyewe lilipo na mwinuko na lilipo na shimo. Ami yangu hakuwa na kalamu hizo, naye alipaka masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta, na yalimtosha vilevile.

Wino huo ndio unaofichua pia kama bapa limepinda wakati wa kuzamishwa. Mpindo wa kiasi cha nusu milimita huondoka kwa kusagwa, upande mmoja ukipunguzwa zaidi karibu na ncha na upande wa pili zaidi karibu na mpini. Mpindo uliozidi hapo haugongwi kwa nyundo juu ya chuma baridi kilichokazwa, maana kitapasuka. Bapa hilo linarudi kwa mhunzi.

Jiwe la kukwaruza, yaani lile lenye punje kubwa, ndilo linalofanya kazi yote ya umbo, na hapo ndipo muda unapaswa kutumika. Mafundi wanaoanza huliacha mapema kwa sababu linaacha sura mbaya, wakakimbilia mawe laini wakitumaini kwamba yatamaliza yaliyobaki. Mawe laini hayamalizi umbo. Huning'arishia tu kasoro ile ile mpaka ionekane kutoka mbali. Huliacha jiwe la kukwaruza pale tu ambapo mikwaruzo yake imefunika bapa lote kwa sare, bila doa moja la wino wala la ngozi nyeusi ya moto, na unene wa nyuma ya makali umefikia kiasi nilichokikusudia.

Baada ya mawe huja msasa wa maji, ule mweusi unaotumiwa na wapaka rangi za magari, ambao punje zake ni za silikoni kabaidi. Huuzungushia kipande cha chuma bapa au cha mbao ngumu, kwa sababu msasa unaoshikwa kwa vidole huzifuata kasoro badala ya kuziondoa na huzila kona zote za kisu. Huanza na namba 120, kisha 220, 400, 600, na kwa visu vingi huishia hapo au kwenye 800. Kila namba huisukuma kwa mwelekeo uliopishana na ule wa iliyotangulia: ikiwa ya 120 ilikwenda wima, ya 220 itakwenda kwa mshazari, ya 400 kwa mshazari wa upande wa pili. Kwa njia hiyo mkwaruzo wa zamani huonekana wazi ukikatiza mipya, na sihamii namba inayofuata mpaka wa mwisho wao umetoweka. Punje za msasa wa namba 220 zina ukubwa wa karibu sehemu 70 za milimita iliyogawanywa mara elfu, na za namba 400 ni nusu ya hizo, kwa hiyo mkwaruzo mmoja uliorukwa utahitaji muda mrefu sana kuondolewa na namba ya mbele. Ni sawa na palizi ya juu juu shambani: gugu lililokatwa bila kung'olewa hungoja mvua tu.

Msasa uliochakaa ni adui mwingine, kwa sababu hauachi kufanya kazi kwa dalili inayoonekana. Huacha kukata na kuanza kusugua, ukilaza kingo za mikwaruzo juu ya mikwaruzo yenyewe, na bapa huonekana linang'aa vizuri. Siku ya pili, likishapakwa mafuta na kutazamwa katika mwanga wa pembeni, mikwaruzo yote hurudi kuonekana. Karatasi ya msasa ina bei nafuu kuliko siku ya fundi, nami huibadilisha mara tu ninapoona mkono unateleza bila kusikia sauti ya kukata. Kwa ukaguzi huupendelea mwanga wa asubuhi unaoingia dirishani kwa pembeni kuliko taa yoyote ya juu ya kichwa. Mapito ya mwisho ni ya mwelekeo mmoja tu, kutoka mpini hadi ncha, kila pito likianza na kuishia bila kusimama katikati.

Yupo mzee mmoja mteja wangu aliyewahi kuniuliza kwa nini nijitaabishe na namba 600 juu ya kisu cha kuparulia samaki. "Fundi, mimi sikinunui nikitundike ukutani," alisema. Jibu nililompa ndilo ninaloliamini mpaka leo. Katika kisiwa hiki, umaliziaji wa bapa ni kazi ya ulinzi kabla ya kuwa kazi ya urembo. Kila mkwaruzo ni mfereji, na mfereji huweka maji ya chumvi. Hewa ya bahari, unyevu wa masika na ule wa vuli, na damu ya samaki hukutana ndani ya mifereji hiyo, na kutu huanzia chini ambako kitambaa hakifiki. Bapa la chuma cha kaboni lililoachwa kwenye namba 120 hufanya madoa mekundu usiku mmoja tu, ilhali lililofikishwa 600 hufutika mara moja na kubaki kavu. Chuma kisichoshika kutu upesi, chenye kromiamu ya asilimia 13 au zaidi, kina nafuu yake, lakini hata hicho hupata vidoa kikiachwa na chumvi juu ya uso uliokwaruzwa.

Makali yenyewe huja mwisho, na baada ya kazi yote hiyo huchukua muda mfupi. Kwa bapa la upana wa milimita 30, mgongo ukinyanyuliwa milimita 8 juu ya jiwe hutoa pembe ya nyuzi 15, na ukinyanyuliwa milimita 10 hutoa nyuzi 20. Ya mwanzo hukipa kisu cha samaki na cha jikoni, ya pili kisu kinachogusa mifupa, na panga la mkwezi wa minazi hulipa nyuzi 25 kwa sababu hugonga vigogo na makumbi. Husaga upande mmoja mpaka kidole kihisi, upande wa pili, ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja kwa urefu wote wa kisu. Ukipatikana huo, hugeuza na kufanya vivyo hivyo, kisha hupunguza uzito wa mkono kila pito mpaka ukingo ule uishe, na kumalizia kwa kuyapitisha makali juu ya kipande cha ngozi ya mnyama. Ukingo huo usipoondolewa kisu huonekana kikali sana kwa siku ya mwanzo, kisha hujikunja na kuwa butu, na mwenye kisu humlaumu mhunzi.

Jaribio ninaloliamini kuliko kukata karatasi ni la fimbo ya shaba ya manjano. Huyalaza makali juu ya fimbo nyembamba kwa pembe ile ile ya kunolea, nikayakandamiza kidogo na kuyatazama katika mwanga. Makali huvimba kidogo juu ya fimbo, na fimbo ikiondoka yanatakiwa yarudi yalipokuwa. Yakibaki yamepinda, ama chuma kimelainika au nyuma ya makali pamekondeshwa mno. Yakimeguka, chuma ni kigumu kupita kiasi na kinahitaji kurudi katika oveni kwa joto la juu kidogo. Hakuna kisu kinachotoka kwangu bila kupita juu ya fimbo hiyo.

Jaribio hilo huwa na uzito zaidi siku za kuelekea Sikukuu ya Mfunguo Tatu, watu wanapoleta visu vya kuchinjia. Dini yetu inamtaka mchinjaji akinoe kisu chake na ampunguzie mnyama taabu, na kisu kinachomeguka au kujikunja katikati ya kazi hiyo ni jambo zito kwa aliyekitengeneza. Visu hivyo huvipa bapa refu, ukingo ulionyooka usio na wimbi hata dogo, na sivikubali vya haraka. Anayeniletea bapa jipya usiku wa kuamkia Arafa humwomba radhi na kumnolea kisu chake cha zamani.

Juu ya mpini nina machache ya kusema. Matundu ya misumari yatobolewe kabla ya bapa kutiwa ugumu, kwa sababu baada ya hapo kekee ya kawaida haingii. Yaliyosahauliwa hutibiwa kwa kuupasha moto mkia peke yake, bapa likiwa limefungwa kitambaa kilicholowa maji. Mti wa mpera hunitosha, hauna tabia ya kupasuka, na huumalizia kwa majani makavu ya mti wa msasa yaliyoloweshwa kidogo, ambayo kwa mbao hulainisha vizuri kuliko karatasi ya dukani.

Anayekichukua kisu humwambia akioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara tu baada ya kazi, akikaushe, akipake mafuta ya nazi kwa kitambaa, na asikiache na ukwaju wala ndimu juu yake. Humwambia pia akirudishe baada ya mwaka au miwili hata kama yeye mwenyewe anajua kukinoa. Kila kunoa huyapandisha makali kuelekea mgongoni, mahali ambapo bapa ni nene zaidi, na kisu kilichokuwa kikipita katika mnofu wa changu bila shida huanza kuusukuma badala ya kuukata, ijapokuwa makali yake yangali yakinyoa nywele za mkono. Watu wengi hufikia hapo wakadhani chuma kimechoka, wakanunua kingine. Mimi hukifunga tena juu ya ubao, hukipaka wino, na huanza upya na jiwe jeusi mpaka nyuma ya makali parudi kwenye milimita 0.3.